Ya Jumamosi hii: Shuggie Otis

Wadau mambo, Jumamosi saa 2 usiku tunasikiliza Inspiration Information, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Shuggie Otis, na tafadhali safari hii msikilize albamu yote, msirukeruke. Huyu jamaa ni mtoto wa Johnny Otis, mwanamuziki maarufu wa R&B, albamu ilitoka 1974 chini ya lebo ya Epic akiwa na miaka 20 tu, na karibu kila chombo kapiga mwenyewe, gitaa, besi, kinanda, dramu, mpaka ile mashine ya midundo inayogonga tik tik kama saa ya ukutani, na enzi hizo wengi walikuwa hawaitaki kabisa. Haikuuza. Lebo ikamuacha, watu wakasahau, mpaka 2001 Luaka Bop, lebo ya David Byrne wa bendi ya Talking Heads, ikaitoa upya ndo dunia ikashtuka.

Mnaujua ule wimbo Strawberry Letter 23 wa Brothers Johnson? Basi ule ni wake Shuggie, alishautoa 1971.

Upande wa pili wa albamu hauna maneno mengi, ni vyombo tu, mimi ndo naupenda zaidi ila najua kuna watu humu watalalamika. Vaeni hedfoni, spika ya simu itawanyima besi. Nani ana spika nzuri atukaribishe kwake?