Barua kwa mwanangu: Karani wa dirisha la tatu

Mwanangu,

Jana usiku nilimaliza kusoma zile kurasa za mpango wa utafiti wa tasnifu yako ulizoniachia mezani. Nimezisoma kwa miwani ya baba yako, maana yangu imekatika mkono, kwa hiyo palipo na jambo sikulielewa tumlaumu yeye. Umeandika vizuri. Nilijua utaandika vizuri. Ila tangu nifike ukurasa wa 12 usingizi umenipaa, ndiyo maana nakuandikia badala ya kusubiri uje kuchukua mizigo yako.

Hapo unasema utakaa miezi kumi ndani ya ofisi ya umma ukiwatazama makarani wanavyohudumia watu, na kwamba "majina hayatatajwa". Basi, sentensi moja, kisha ukarudi kwenye nadharia zako. Mama, hiyo ndiyo sentensi ningetaka iwe ndefu kuliko zote.

Majina hutayataja, sawa. Sasa utawaitaje?

Usidhani sijafurahi. Yule Herbert Simon wako, msomi wa utawala wa Marekani, nimempenda sana. Hapo anaposema, mwaka 1946, kwamba kanuni za utawala zilizokuwa zikifundishwa vyuoni ni kama methali, zinakwenda mbili mbili na kila moja ina mwenzake wa kuipinga, nilicheka peke yangu mpaka baba yako akaniuliza kulikoni. Mkubwa asisimamie watu wengi mno, wanasema. Halafu haohao wanasema karatasi isipandishwe ngazi nyingi mno. Ukipunguza watu chini ya kila mkubwa, si lazima ngazi ziongezeke? Nami nimekulea hivyohivyo. Jioni nilikwambia haraka haraka haina baraka, asubuhi yake nikakugongea mlango kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hukuwahi kuniuliza ushike lipi. Pale kazini kwetu alikuja mkubwa akataka kila faili lipite mezani kwake, mafaili yakawa yanalala wiki mbili. Akaja mwingine akaondoa sahihi mbili, mafaili yakaenda mbio, na mengine yakaenda mbio hadi yasikoonekana tena.

Na ile habari yake ya viwanja vya michezo vya mji wa Milwaukee, hukohuko Marekani, mwaka 1935, umeieleza hata mimi nimeona. Simon bado ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, anakwenda kutazama bodi ya shule na idara ya ujenzi ya mji wakivutana juu ya fedha zilezile, hawa wanataka viongozi wa kuchezesha watoto, wale wanataka viwanja vitengenezwe. Kila mmoja yuko sawa kwa pale aliposimama. Kutoka hapo akapata kazi ya maisha: kwamba mtu huamua kwa anachokiona na kwa muda alio nao, hatafuti lililo bora kupita yote, anachukua linalotosha. Mwaka 1978 wakampa Nobel ya uchumi. Mimi saa tisa na nusu alasiri, mafaili 60 mezani na watu bado wako kwenye benchi, nililijua hilo bila tuzo yoyote.

Lakini angalia. Huyo bwana alikuwa anasema habari za bodi na idara. Bodi haifukuzwi kazi ikarudi nyumbani kuwaeleza watoto.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka mmoja alikuja mtafiti pale masijala. Kijana mwenye adabu, daftari dogo, anasalimia kila mtu kwa zamu. Alikaa nasi majuma sita. Ripoti yake haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Iliandika tu kwamba "karani wa dirisha la tatu" alikutwa na fomu za waombaji zimekaa ndani ya droo yake, hazijaingizwa kwenye rejesta. Madirisha yalikuwa matano. Nani asingejua wa tatu ni nani?

Zile fomu zilikuwa za wazee wasioweza kujaza. Kanuni ilisema fomu isiyokamilika arudishiwe mwenyewe pale pale. Yeye alikuwa akizipokea, anazitia droo, na watu wakishaondoka anawasha taa na kuzijaza moja moja kwa mwandiko wake, kesho yake mzee anakuja kutia dole tu. Mtafiti hakusema uongo. Fomu zilikuwemo. Hakuuliza kwa nini zimo. Mwezi haukwisha, dirisha la tatu likapata mtu mwingine.

Na droo ile mtafiti hakuigundua mwenyewe. Alionyeshwa. Alionyeshwa na mtu aliyedhani anamsifu mwenzake, mtu ambaye miaka mingi hakuna aliyemuuliza anaonaje kazi, na siku hiyo ameulizwa, akafurahi, akasema mengi. Wewe ni msomi, utajua ni nani. Ukija usiniulize.

Kwa hiyo ninaposema majina, sisemi yale ya kwenye kitambulisho tu. Dirisha ni jina. "Mwanamke pekee wa kitengo" ni jina. "Aliyekaribia kustaafu" ni jina, tena ukiongeza na chumba chenye feni mbovu, umeshamtaja na ukoo wake.

Umeandika juu ya Lipsky, msomi wa siasa, na kitabu chake cha mwaka 1980, kwamba sera ya serikali kwa mwananchi ni kile anachofanyiwa na aliyekaa dirishani, hata kama juu wameandika kingine. Vizuri. Basi ile droo ilikuwa sera, na huenda ndiyo ilikuwa sera nzuri kuliko zote mle ndani. Ungekuwa wewe ungeiandikaje? Nataka jibu, sitaki unukuu mtu.

Yule Blau, mwanasosiolojia wa kitabu cha mwaka 1955, ndiye nimemsoma mara mbili. Maafisa wa ofisi moja ya serikali wanatakiwa wakikwama wamuulize msimamizi peke yake, nao wanaulizana chini kwa chini, kwa sababu ukimuuliza msimamizi kila mara utaonekana hujui kazi. Alikaa nao akaona kwamba kule kuulizana ndiko kunakofanya kazi itoke vizuri. Na ile ofisi hakuitaja jina. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Ila hata yeye, najiuliza, msimamizi akikisoma kile kitabu hakuwajua watu wake?

Sasa huyu Elinor Ostrom, msomi mwingine wa Marekani. Umeandika kwamba mama yake hakuona sababu ya yeye kwenda chuo. Umeiweka kwa ajili yangu? Kama ni kwa ajili yangu, nimeiona. Mimi sikukukataza. Nilisema ziko kazi zenye mshahara wa uhakika, na hayo ni maneno mawili tofauti. Alipotaka kusoma uchumi wakamkatalia kwa kukosa hisabati, akashika sayansi ya siasa, uzamivu akaupata mwaka 1965, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Nimehesabu, ni miaka 44. Wewe miaka sita imekutoa machozi mbele yangu. Labda siku ile ningenyamaza badala ya kusema nilichosema.

Kilichonigusa kwake ni utafiti wake juu ya polisi wa Indianapolis, mji wa Marekani. Wakati ule wenye mamlaka na wasomi wengi waliona vikosi vidogo viunganishwe kuwa kimoja kikubwa, ndiyo ufanisi. Yeye na wanafunzi wake wakaenda kuwauliza wakaazi wenyewe, ukiita wanafika upesi, ukiibiwa wanakusaidia? Wakakuta vile vidogo vinawahudumia watu sawa na kile kikubwa, mara nyingi kukizidi. Kwenye kurasa zako, mwanangu, nimetafuta watu wa kwenye benchi sikuwapata. Makarani tele, wakubwa tele. Aliyeambiwa "njoo kesho" yuko wapi? Naye ukimpata, jina lake pia ulifiche, maana kesho anarudi dirisha lilelile.

Weber, yule mwanasosiolojia wa Kijerumani, nimemruka kidogo, sentensi zake hazina kituo. Nimependa tu anaposema ofisi ya kisasa inasimama juu ya maandishi, juu ya mafaili. Miaka 31 watu wamenionea huruma kwa kukaa na vumbi, kumbe nilikuwa nimekalia msingi. Baba yako ameniambia kwamba mwaka 1897 huyo Weber aligombana na baba yake, mzee akafa kabla hawajapatana, na mwana akaugua, miaka mingi akashindwa kufundisha. Kwa hiyo Jumamosi tusianze tena ile habari ya shemeji yako.

Paa la chumba chako limevuja pale pembeni. Vitabu nimevihamishia juu ya kabati, lakini sanduku la karatasi lilikuwa limeloa chini kabla sijaliona. Nimezianika. Zile zenye wino zimepaka, za kuchapa ziko salama. Mdogo wako anataka kuhamia humo, nimemwambia asubiri uondoke angalau siku mbili. Baba yako anasema atapanda mwenyewe kuziba paa. Mwambie wewe, mimi hanisikii.

Usikalie kiti cha mkubwa hata wakikupa kwa heshima. Kila utakachoambiwa ukiwa umekalia kile kiti kitakuwa kimesafishwa. Ukishaandika jambo la mtu, msomee mwenyewe kabla ya msimamizi wako. Akikuomba ulifute, lifute, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Najua utasema tasnifu itapungua, na itapungua kweli.

Ule ukurasa wa 12 uje nao umeandikwa upya. Nitausoma kabla hujafunga begi, fundi wa miwani ameniahidi Ijumaa.

Nimekununulia madaftari mawili. Moja la kwenda nalo, humo uwaandike kwa namba. La pili ni la kuonyesha namba ipi ni nani, na hilo utakuwa ukinitumia mimi kurasa zake kwa mkono wa mtu tunayemwamini. Litakaa kabatini, ufunguo ninao mimi. Faili hili halitapotea.

Mama yako