Risala ya Wanafunzi wa Soprano kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mahafali

Ndugu mgeni rasmi,
Mkuu wa chuo,
Walimu, wazazi na walezi wetu,

Sisi wahitimu wa uimbaji wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, kwa soprano, sauti ya juu kabisa ya kike, tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Umesimama kwenye majukwaa tunayoyatamani, hivyo mengi tutakayosema unayajua. Tunayasema pia kwa ajili ya wazazi, ambao wametuuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyezaliwa na sauti asomee kuimba miaka yote hii.

Tulianza na pumzi. Mwimbaji wa opera kwa kawaida hatumii kipaza sauti. Sauti yake tupu inapaswa kuvuka okestra nzima, yaani kundi kubwa la wapiga ala, na kumfikia aliyeketi safu ya mwisho. Kupiga kelele hakusaidii. Mbavu zibaki zimetanuka, misuli ya tumbo iachie hewa kidogo kidogo, koo lisikazwe. Soprano ana kazi ya ziada: kadiri noti inavyopanda, ndivyo taya linavyopaswa kufunguka ili mdomo na koo viitikie mlio, na hapo irabu hufifia. Walimu wetu wameturudisha kwenye irabu ileile tena na tena, nasi tunawashukuru kwa dhati. Kisha zikaja Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, kwa sababu anayeimba asichokielewa hawezi kumgusa msikilizaji.

Mgeni rasmi, linalotugusa zaidi leo ni muda. Sauti ya soprano, hasa iliyo nzito, hukomaa polepole. Kirsten Flagstad wa Norway alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1913, akiwa na miaka 18, lakini Metropolitan Opera, nyumba kubwa ya opera ya New York, ilimpokea mwaka 1935, akiwa na miaka 39. Leontyne Price wa Marekani alitoka Juilliard, chuo cha muziki cha New York, akazunguka nchi nyingi na opera ya Porgy and Bess, akaimba San Francisco na Vienna, ndipo akaingia Metropolitan Januari 1961. Pretty Yende wa Afrika Kusini alivutwa na opera akiwa binti wa miaka 16, baada ya kuisikia kwenye tangazo la televisheni. Alisoma Cape Town, kisha Milan, Italia, katika akademia ya nyumba ya opera ya La Scala. Usiku wake wa kwanza Metropolitan, mwaka 2013, alijikwaa akaanguka mbele ya watu. Akainuka, akaimba mpaka mwisho. Huyo tunamtaja kila tunapotetemeka kabla ya kuimba.

Changamoto yetu inaanza kesho. Programu za waimbaji vijana katika nyumba za opera huchukua wachache, na kwenye usaili mtu hupimwa kwa dakika chache tu. Kinachotutia hofu kuliko kukataliwa ni kukubaliwa mapema mno: kijana akipewa uhusika mzito kama Turandot, binti mfalme katika opera ya Puccini, hukubali kwa kuogopa kwamba hataitwa tena, na sauti yake huumia kabla haijakomaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Utusaidie kupata mpiga piano wa kufanya naye mazoezi baada ya kuondoka hapa, kwa kuwa peke yetu hatumudu gharama hiyo. Na utakapotusikia leo, umwambie kila mmoja wetu, bila kumwonea haya, ni uhusika upi anauweza sasa na upi ausubiri.

Tunaomba kuwasilisha.