Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Sumaku na Ng'ombe

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kupima sumaku ya ardhi, hamjambo. Hesabu atasoma mweka hazina mwenyewe, mimi nasema tu nusu yenu mko na madeni ya ada na betri hazinunuliwi na salamu.

Wengi mmenisimamisha njiani mkiuliza tunaonaje kilomita 20 chini bila kuchimba. Ni hivi, jua likipuliza chembe zake na radi zikipiga huko mbali, sumaku ya dunia inatikisika kidogo, mtikisiko unaingia ardhini unaamsha umeme mahali panapopitisha vizuri, na huo umeme unatoa sumaku yake, ndio tunapima. Wa haraka unafia juujuu, wa polepole ndio unashuka: mwamba ukiwa wa ohm-mita 10 (kipimo cha jinsi mwamba unavyozuia umeme), mtikisiko unaojirudia kila sekunde moja unafika kama kilomita 1.6, wa kila sekunde 1,000 unafika kama 50. Ndio maana tunalala nje, hii si kazi ya dakika kumi halafu nyama choma. Watafiti Banks na Ottey walipima sumaku hivi hapa Bonde la Ufa na kutoa matokeo 1974.

Sasa aibu yangu. Kituo cha kwanza huku upande wa Menengai, ile volkeno ya Nakuru, nilichagua mimi, kwa sababu ya kibanda cha chai. Usiku mzima tukarekodi stima ya majirani, na kila lori likipita mstari unaruka kama panzi. Tukahamia mbali, tukafukia koili tatu, yaani mizunguko ya waya inayopima sumaku, ili upepo usizitikise, ile ya kusimama wima ndio balaa, jembe linagonga mawe ya volkeno mpaka mikono ikatoka malengelenge. Usiku wa pili ng'ombe wa mzee jirani akavuta waya. Mzee mwenyewe alikuja asubuhi kuuliza kama tumepata dhahabu na fidia yake ni ngapi.

Tuko na usiku tatu safi. Mishale tunayochora kutoka vipimo, inayoelekea upande unaopitisha umeme vizuri, inaelekea kwenye kaldera, lile shimo kubwa la volkeno, lakini tafadhali acheni kutangaza sokoni ati tumeona magma! Ni kweli baadhi ya visima vya mvuke vya Menengai viligonga magma kama kilomita 2 chini, ila udongo wa mfinyanzi na maji moto ya chumvi pia hupitisha umeme, na mshale unaonyesha upande tu, hausemi ni nini.

Mwenye shamba mbali na stima na lami anipigie kabla ya mvua, na afunge ng'ombe.