Tukiambiwa mtoto ni mkubwa, tuambiwe na yaliyobaki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linalowahusu wajawazito, hasa sisi wenye mimba ya kwanza. Nimebakiza muda mfupi kujifungua. Kwenye kipimo cha mwisho cha ultrasaundi niliambiwa, "Mtoto wako mkubwa huyu," nikakabidhiwa karatasi, akaitwa mwingine. Tangu siku hiyo nimejifunza mengi, lakini karibu yote nimeyapata kwa kuuliza huku na huku, wala si kwa yule aliyenitamkia maneno yale. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na karatasi yenyewe. Imeandikwa gramu 3,940. Haikuandikwa "karibu kilo nne", la, ni 3,940 kamili, utadhani mtoto alitolewa, akapimwa kwenye mizani, kisha akarudishwa. Mimi ni karani wa hesabu, kutwa nashinda na tarakimu, na tarakimu ya namna hiyo ikinijia mezani lazima niulize imepatikanaje. Nikauliza. Kumbe mtoto aliye tumboni hapimwi uzito. Mtaalamu anapima upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja. Niliviona vile vialama akivipachika kwenye kioo, kimoja huku na kimoja kule, mkono wake mwingine ukikiteleza kile kifaa juu ya utelezi wa baridi aliokuwa amenipaka. Alipachika, akafuta, akapachika tena pembeni kidogo kwa sababu mtoto aligeuka. Baada ya hapo mashine ikaviingiza vipimo kwenye kanuni, ikatoa makadirio.

Makadirio hayo yanaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 hadi 15, na kwa watoto wakubwa ndiyo huyumba zaidi. Chukua asilimia 15 ya 3,940, ondoa, halafu ongeza. Mwanangu anaweza kuwa na kilo 3.35, anaweza kuwa na kilo 4.53. Wa kwanza ni mtoto wa kawaida kabisa. Wa pili ni mkubwa kweli, maana wataalamu huanza kuhesabu ukubwa kwenye kilo 4, wengine kwenye 4.5. Mimi nikipeleka hesabu kwa bosi wangu yenye pengo la kilo nzima na kitu bila kulitaja hilo pengo, narudishiwa siku hiyohiyo.

Utepe wa mkunga nao una mipaka yake. Hupimwa kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo la uzazi, na kuanzia miezi mitano hivi sentimeta huwa zinakaribiana na idadi ya wiki za mimba. Lakini maji mengi ya uzazi, kibofu kilichojaa au unene wa mama mwenyewe vyaweza kuongeza sentimeta ambazo mtoto hahusiki nazo.

Sasa fikiria nilivyofika nyumbani na tarakimu ile mkononi. Mama mkwe, ambaye ananipenda na simlaumu, alinitazama kuanzia kiunoni kushuka akasema, "Mwanangu, na nyonga hizo?" Wifi yangu akanishauri nipunguze kula ili mtoto asiendelee kuongezeka. Mwenzangu wa ofisini akanisimulia ya binamu yake aliyeteseka leba hadi akapelekwa chumba cha upasuaji mbiombio. Sijui kwa nini kila mtu ana kisa cha namna hiyo, na kwa nini lazima tukisikie kabla ya kujifungua. Mume wangu yeye hakusema kitu, ila nilimkuta usiku anasoma kwenye simu, na nilipogeuka akaizima.

Nilipata bahati ya kukutana na mkunga mmoja, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye hana haraka. Nikamwaga yote. Kuhusu nyonga akacheka. Nyonga anayopita mtoto iko ndani, akasema, haisomwi kwa jicho wala kwa saizi ya gauni. Tena si bomba la chuma: viungo vyake hulegea kwa homoni za ujauzito, na mama akibadili mkao, akachuchumaa au akapiga magoti na kushika chini, nafasi nayo hubadilika. Mifupa ya kichwa cha mtoto haijaungana, kwa hiyo hupandana kidogo anaposhuka. Kama mtoto hapiti, mara nyingi hilo huonekana kwenye uchungu wenyewe, kwa jinsi njia inavyofunguka na kichwa kinavyoteremka. Kuhusu ushauri wa wifi hakucheka. Mjamzito kujinyima chakula wiki za mwisho ni kujidhoofisha kabla ya kazi ngumu kuliko zote, na mtu asimwambie mjamzito hivyo bila daktari.

Akaniambia pia kwamba vifungua mimba kwa kawaida huwa wepesi kidogo kuliko wadogo zao. Hilo nimelipeleka kwa mama mkwe, nasubiri majibu.

Halafu akaomba kadi yangu ya kliniki, na hapa ndipo nilipokasirika, si naye. Alifungua ukurasa wa majibu ya sukari. Nilikuwa nimepimwa muda mrefu tu, katika kipindi kinachopendekezwa cha wiki ya 24 hadi 28. Nilikwenda sijala tangu usiku, nikatolewa damu, nikanyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu ya kukera hata meno yakauma, nikakalishwa kwenye benchi na kutolewa damu tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013 vinasema ni kisukari cha ujauzito sukari ikifika milimoli 5.1 kwa lita ya damu kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Majibu yangu yote matatu yako chini. Kadi hiyohiyo ilikuwa mezani siku ile niliyoambiwa mtoto ni mkubwa, na hakuna aliyeifungua.

Kwa nini sukari iwe jambo la kwanza? Mkunga alinieleza hivi. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Sukari ikizidi, kongosho la mtoto lenyewe linalazimika kutengeneza insulini nyingi, na insulini hiyo humkuza na kumjaza mafuta, zaidi mabegani na kiwiliwili. Ndiyo maana mtoto wa kilo nne wa mama mwenye kisukari na mtoto wa kilo nne wa mama asiye nacho wana maumbo tofauti, na wa kwanza ana hatari kubwa zaidi ya kukwama. Akizaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla huku insulini yake bado ni nyingi, hivyo sukari yake yaweza kushuka, lazima anyonye mapema na afuatiliwe. Yote hayo yanaweza kupunguzwa mama akigundulika mapema, akasimamiwa lishe, mazoezi na dawa pale zinapohitajika. Mwanamke ambaye hakupimwa sukari akiambiwa mtoto ni mkubwa, jambo la kufanya ni kupimwa. Aliyepimwa akaonekana salama astahili kusikia hilo kwa sauti, kabla hajavaa viatu.

Kinachowatia wataalamu wasiwasi zaidi, nilikuja kujua, ni mabega. Kichwa kinatoka, bega la mbele linanasa nyuma ya mfupa wa kinena. Hutokea mara chache, hata uzazi mmoja kati ya mia haufiki kwa takwimu za Uingereza, na uwezekano hupanda kadiri mtoto anavyokuwa mzito. Lakini mkunga aliniambia kitu ambacho sikukitarajia: karibu nusu ya kesi hizo huwapata watoto walio chini ya kilo nne. Kwa maana hiyo, leba yote inatakiwa iwe tayari kwa kila mama, hata yule ambaye karatasi yake ina tarakimu nzuri. Nikamuuliza wanafanya nini. Badala ya kunieleza alipanda kitandani mwenyewe, kile cha kupimia wajawazito, akalala chali na sare yake, akashika mapaja na kuyavuta magoti hadi kwenye tumbo. "Hivi," akasema huku anahema. "Wawili wanakushika miguu, wa tatu anabonyeza hapa, juu tu ya kinena. Asibonyeze huku juu kwenye tumbo la uzazi hata siku moja." Mara nyingi, akasema, mkao huo na mbonyezo huo unatosha, bega linaachia. Akashuka, akavaa kandambili zake, akaita mwingine. Wasiwasi uliokuwa umenikaa kifuani ulipungua kuliko ulivyopungua kwa maneno yote ya "usijali".

Sipingi upasuaji. Nikiambiwa unahitajika, nitasaini. Ninachopinga ni kuogopeshwa nao kwa tarakimu ambayo haijakamilika. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinasema upasuaji wa kupanga kwa sababu ya uzito uanze kufikiriwa makadirio yakifika gramu 5,000 kwa mama asiye na kisukari, na 4,500 kwa mwenye nacho. Mimi niko mbali na hapo. Mwaka 1996 watafiti wa hukohuko Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba kwa mama wasio na kisukari, ukiweka mpaka kwenye gramu 4,500, zingehitajika operesheni zaidi ya 3,600 ili kuzuia mtoto mmoja asipate jeraha la kudumu la mishipa ya fahamu ya mkono. Na operesheni ina madhara yake, na inaigusa mimba inayofuata.

Kuna na wanaoshauriwa kuanzishiwa uchungu mapema. Hapo majibu hayako wazi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la Lancet ulilinganisha wanawake walioelekezwa kuanzishiwa uchungu wiki ya 38 na wale walioachwa wafuate utaratibu wa kawaida. Mabega yalikwama kwa asilimia 2.3 kwa walioelekezwa kuanzishiwa na 3.1 kwa walioachwa, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema hili ni bora kuliko lile, ingawa baadhi ya kundi la pili nao walijifungua mapema kwa sababu nyingine. Hilo nalichukulia kuwa jambo la mama na daktari wake kukaa na kuzungumza. Kuzungumza ndiko kunakokosekana.

Nimesoma pia kwamba wanawake wa Marekani waliojifungua mwaka 2011 na 2012 walipohojiwa, karibu theluthi moja walikuwa wameambiwa huenda mtoto ni mkubwa. Waliozaa kweli mtoto wa zaidi ya kilo nne ni kama mmoja kati ya watano wa hao walioambiwa. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba shaka tu ya mtoto mkubwa huongeza upasuaji, hata pale mtoto anapozaliwa wa kawaida. Neno la mtaalamu lina uzito wake, na huo hauonekani kwenye ultrasaundi.

Najua foleni za kliniki ni ndefu na watumishi wamechoka. Ninachoomba hakichukui hata dakika mbili: haya ni makadirio na yanaweza kukosea kwa kiasi hiki, sukari yako ilikuwa hivi, leba wanajua la kufanya, rudi tarehe fulani tuangalie tena. Basi.

Na ninyi wa magazeti, Mhariri, mna fungu lenu. Kila baada ya muda tunaona picha ya kichanga kikubwa ajabu, nesi amekinyanyua kama kombe, na chini yake maelezo mawili: kilo kadhaa, wazazi wana furaha. Mama kwa kawaida hayupo kwenye picha. Mwandishi wenu hajauliza kama alikuwa na kisukari, kama kilikuwa kimegunduliwa, alijifungua kwa njia gani, mimba ilikuwa imepitiliza wiki ngapi, sukari ya mtoto ikoje. Kichanga cha namna hiyo mara nyingi kinatakiwa kuwa chini ya uangalizi, naye mama yuko kwenye hatari ya kuvuja damu au kuchanika vibaya. Uliza maswali hayo mbele ya daktari, uyachapishe na majibu yake, utakuwa umewafundisha wasomaji wako kitu. Ukishindwa, acha picha.

Kwa upande wetu, mimi na mume wangu tumekwenda kliniki pamoja na orodha ya maswali, akayasoma yeye kwa sababu mimi hulia haraka siku hizi. Tumeelewana na daktari kwamba tusubiri uchungu uje wenyewe, na ukichelewa tutazungumza upya. Tumeuliza kama leba yao ina mtu anayejua kazi ya mabega usiku na mchana, tukajibiwa ndiyo, na chumba cha upasuaji kiko jengo hilohilo. Mume wangu amejitolea kushika mguu mmoja. Mama mkwe naye anataka wa pili, lakini hilo bado tunalijadili.

Ukiona barua hii inafaa, tafadhali ichape mapema. Nikishajifungua sitakuwa na muda wa kununua gazeti.

Wako,
Mjamzito wa mimba ya kwanza
(Jina na anwani nimekuachia)