Mjomba Wangu Hakupigana Vita vya Mwaka 1972

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 na katika muda wote huo sijawahi kukuandikia, hata pale nilipokerwa, kwa sababu nililelewa nikiambiwa kwamba mtu mzima hagombani na gazeti. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Bila shaka unaikumbuka habari fupi mliyoitoa mwezi uliopita, chini kabisa ya ukurasa, iliyosema kwamba karani mstaafu wa benki amefariki dunia mjini Tabora akiwa na umri wa miaka 79, kwamba aliwahi kuwa mwanamichezo, na kwamba alishiriki katika "vita vya Uganda vya mwaka 1972". Marehemu huyo alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja, na ndiye aliyenisomesha.

Mwaka 1972 mjomba alikuwa kaunta, akihesabu fedha za watu. Kilichotokea Septemba ya mwaka ule ni kwamba Waganda waliokuwa wamekimbilia kwetu walivuka mpaka kwenda kumng'oa Idi Amin, wakashindwa, na mwezi uliofuata serikali hizi mbili zikatia saini makubaliano mjini Mogadishu. Vita alivyopigana mjomba ni vile vya 1978 na 1979, baada ya majeshi ya Amin kuvamia na kulitwaa eneo letu lililo kaskazini ya Mto Kagera. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978, mjomba, ambaye alikwisha kupita Jeshi la Kujenga Taifa na kufunzwa mgambo akiwa kazini, aliisikiliza hotuba ile nyumbani kwa jirani mwenye redio, Ng'ambo, na haukupita muda akakabidhi funguo zake za sefu na kupanda treni ya Mwanza. Alikuwa na miaka 32 na watoto wawili. Aliuvuka Mto Kagera wakati daraja la Kyaka lilikuwa limekwisha kuvunjwa na adui, akafika Masaka, na Machi 1979 alikuwa Lukaya, pale ambapo barabara inapita katikati ya kinamasi na ambapo wenzake wengi walikutana kwa mara ya kwanza na wanajeshi wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Kuhusu Lukaya hakupenda kusema. Alichotuambia ni kwamba maji yalimfika kifuani na kwamba bunduki aliijitwisha kichwani kwa mikono miwili, kama mama anayetoka kuteka maji, akiomba Mungu mguu usimteleze. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, naye akarudi Tabora na kovu la bega la kushoto, akaripoti kazini.

Hilo neno "karani" nalo limetuumiza. Mjomba alihitimu Chuo cha Elimu ya Biashara, Dar es Salaam, akaajiriwa na Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya mabenki kutaifishwa, na akaitumikia kwa miaka 28 mpaka ilipogawanywa mwaka 1997. Alianza kama karani kweli, lakini aliondoka akiwa meneja msaidizi wa tawi. Msimu wa tumbaku ulipofika noti zilirudi benki zikiwa na harufu ya majani makavu, na alikuwa akizipanga mia mia, zote zikitazama upande mmoja, kabla hajafunga bunda. Siku ya mazishi alisimama mtu mzima mmoja kutoka Urambo, hakuna aliyemfahamu, akasimulia kwamba katika miaka ya 80 mama yake alitoka benki akiwa amepungukiwa shilingi 100 bila kujua, na kesho yake jioni aliletewa noti ile hadi mlangoni na keshia aliyekuja na treni ya Kigoma. Mke wa mjomba alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Mwandishi wako angekaa msibani nusu saa tu angeipata.

Nitakueleza kwa nini nimekasirika kiasi hiki, kwa sababu si gazeti lako peke yake. Miaka miwili kabla hajafa nilimpeleka katika ofisi moja mjini hapa kwa ajili ya zoezi la kuhakiki wastaafu. Tulifika saa moja na robo asubuhi, tukakaa kwenye benchi lisilo na egemeo mpaka saa saba mchana, na zamu yake ilipofika kijana wa kwenye kompyuta akamwambia aweke kidole. Mashine haikusoma. Akaweka kingine, haikusoma, vyote kumi vikakataa. Labda ni uzee, labda ni zile noti za miaka 28, maana ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kitambaa cha hariri. Kijana yule, bila kuinua uso, akasema: "Mzee, mfumo haukutambui, rudi wiki ijayo." Tukarudi wiki iliyofuata, tukaambiwa mtandao uko chini. Tukarudi mara ya tatu, na nilipomwomba amsaidie kwa namna nyingine, nikamweleza kwamba mzee huyu alipigana Kagera, akaniuliza Kagera ndiyo wapi na kama ninacho cheti cha hiyo vita. Mjomba hakusema neno. Alivua koti lake taratibu, akafungua vifungo viwili vya shati mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, akamwonyesha bega. Nimeyaona mengi katika maisha yangu, Ndugu Mhariri, lakini sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa aibu yake. Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kulia. Kijana akapiga simu, akaja mkubwa wake, na jambo lililokuwa haliwezekani kwa wiki tatu likamalizika kwa dakika kumi kwa karatasi, kalamu na muhuri. Tulipotoka nje mjomba aliniomba nisimsimulie mtu, na nimelitunza ombi hilo mpaka nilipoisoma habari yenu.

Na huo "uanamichezo" mlioupa maneno mawili una historia yake. Chuoni alikimbia yadi 880 na maili moja, pekupeku, kwenye uwanja wa vumbi. Filbert Bayi alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, tena akiongoza tangu mwanzo, mjomba alianza kuwafundisha vijana wa mtaani kukimbia kwa mtindo huohuo, kila jioni benki inapofungwa, katika uwanja wa shule moja ya jirani. Mistari ya njia aliichora kwa majivu ya jikoni kwake, kwa kuwa chokaa ilikuwa adimu. Leo upande mzima wa uwanja ule umejengwa fremu za maduka, tunauziwa chaja za simu pale ambapo vijana walikuwa wakipinda kona ya mwisho, na watoto wa shule wanafanyia michezo yao barabarani wakikwepa bodaboda. Sijaona gazeti lolote likiandika habari za uwanja huo. Mjomba alipita pale kila siku akienda msikitini, na mwaka wa mwisho wa uhai wake alibadilisha njia.

Naomba kwanza kosa la mwaka lisahihishwe, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Kisha naomba kila Ijumaa mtenge robo ya ukurasa kwa mzee mmoja wa mkoa huu aliye hai. Mwandishi akae naye saa mbili kamili, simu ikiwa imezimwa, amuulize miaka na majina ya mahali, na kabla hajaondoka amsomee kwa sauti alichoandika ili mzee asahihishe mwenyewe. Mtaani kwetu tu yupo fundi aliyekuwa akitengeneza vichwa vya treni, na yupo bibi aliyekuwa mkunga Hospitali ya Kitete. Wote wamevuka miaka 80. Nitawapeleka waandishi wenu mimi mwenyewe, kwa nauli yangu.

Arobaini ya mjomba tunaisoma Jumamosi ijayo baada ya swala ya adhuhuri. Sanduku lake la bati liko kwangu, na ndani yake mna daftari la benki lenye mistari myekundu ambamo aliandika muda wa kila kijana aliyemfundisha kukimbia, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, kuanzia Machi 1974. Kuna pengo moja tu, kati ya Novemba 1978 na katikati ya 1979. Mwandishi wako akija, nitamfungulia.

Mpwa wa marehemu,
Isevya, Tabora