Si kila mara waya ndio wenye hatia

Mhariri,

Makala ya safu yenu ya teknolojia kuhusu kompyuta kuu yalidai kwamba faili likichelewa kuhama kutoka patisheni moja (sehemu ya mashine inayofanya kazi kama kompyuta inayojitegemea) hadi nyingine, dawa ni kununua mtandao wenye kasi zaidi. Naomba nafasi nipinge dai hilo, kwani nimesimamia mifumo hii kwa muda wa kutosha kuona fedha zikitumika hivyo na faili likaendelea kutambaa.

Patisheni mbili zilizomo ndani ya mashine moja huenda zisihitaji waya hata kidogo. Katika mashine za IBM, njia iitwayo HiperSockets hupitisha data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu, bila kadi ya mtandao wala swichi, kwa pakiti zinazoweza kufikia kilobaiti 56, ilhali Ethaneti ya kawaida huishia baiti 1,500. Kwa hiyo swali la kwanza ni faili linapita wapi hasa. Nimewahi kukuta HiperSockets imewekwa barabara, lakini jedwali la njia, yaani orodha inayoamua data ipite wapi, likalitoa faili nje kupitia kadi, lizunguke, kisha lirudi kwenye mashine ileile lilikotoka.

Njia ikishathibitishwa, kuna vipimo viwili visivyogharimu kitu. Faili linakiliwe kwanza ndani ya patisheni moja. Likichelewa hapo, mtandao hauhusiki. Kisha litumwe kwa patisheni ya pili, ila mpokeaji alitupe bila kuliandika diskini; kasi ikipanda ghafla, kasoro iko kwenye uandishi, na mara nyingi ni ukubwa wa bloku, yaani fungu la rekodi zinazoandikwa diskini kwa mkupuo mmoja. Faili la rekodi za baiti 80, likiandikwa rekodi moja kwa kila bloku, hutumia bloku 349 mahali ambapo bloku moja ya baiti 27,920 ingetosha kwenye diski za IBM aina ya 3390.

Kinachowapotosha wengi zaidi ni zamu ya prosesa. Patisheni hugawana prosesa, na yenye mgao mdogo hungoja. Kwa kanuni za TCP, utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni, mtumaji akishalijaza dirisha la mpokeaji (kiasi cha data kinachoweza kutumwa kabla ya uthibitisho) husimama mpaka apate uthibitisho. Tuseme dirisha ni kilobaiti 64, na patisheni inayopokea hungoja milisekunde 20 kila mara kabla ya kupewa prosesa: hapo yatapita madirisha 50 tu kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 3.2, hata njia iwe pana kiasi gani. Dalili yake ni faili linalosota mchana wakati mashine imeelemewa, kisha likaenda mbio usiku wa manane. Kupanua dirisha husaidia; kuiongezea mgao patisheni inayopokea, angalau kwa saa za uhamishaji, husaidia zaidi. Usimbaji fiche na ubadilishaji wa herufi kutoka EBCDIC, mfumo wa kuwakilisha herufi wa kompyuta kuu za IBM, kwenda ASCII, ule wa kompyuta nyingine, nao hula prosesa hiyohiyo, ingawa ubadilishaji hauna maana yoyote iwapo pande zote mbili zinatumia EBCDIC.

Makala hayakugusa kabisa suala la diski za pamoja. Ikiwa patisheni zote mbili zinaifikia diski moja, na upo utaratibu wa kulifunga faili wakati linapoandikwa, patisheni ya pili inaweza kulisoma pale lilipo, bila kutumiwa nakala.

Wako,
Msimamizi wa mifumo