Zuhura, mtazame nywele kwanza

Zuhura wangu,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mwanaidi kanisema vya kutosha kwa kukaa miezi mitatu bila kukujibu, na ana haki. Nisamehe. Leo nakimbilia moja kwa moja kwenye mchezo wako wa redio, lile onyesho la Hakone, kile kituo cha ukaguzi cha zamani milimani huko Japani. Tafadhali msirekodi kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Umemtorosha mke wa daimyo, yaani mtawala wa jimbo, kutoka Edo (Tokyo ya leo) usiku, askari wanapekua mizigo wakitafuta bunduki, kisha anapita kwa kuwa ana cheti. Usiku uondoe: geti la Hakone lilifunguliwa alfajiri na kufungwa jua likizama. Bunduki nazo ziondoe. Ule msemo wa "bunduki ziingiazo, wanawake watokao" ulihusu sekisho, yaani vituo vya ukaguzi njiani, kwa jumla, lakini Hakone jicho lilikuwa kwa wanawake wanaotoka Edo. Tangu 1635 daimyo alikwenda na kurudi kwa zamu kati ya jimbo lake na Edo, mkewe na watoto wakibaki Edo kama rehani. Mke akishavuka ile milima, shoguni, mtawala mkuu wa kijeshi, hana tena cha kumbana mumewe. Kwa hiyo shujaa wako ndiye hasa aliyewekewa kile kituo!

Sasa cheti, maana hapo ndipo onyesho lako linaweza kuwatoa watu jasho. Cheti cha mwanamke hakikuwa mstari mmoja wa "aruhusiwe kupita". Kilitaja wanawake wangapi, machela ngapi, anatoka wapi, anakwenda wapi, na ni wa aina gani: mtawa, aliyekata nywele, msichana, na kadhalika. Maafisa wanalinganisha muhuri na sampuli waliyo nayo. Kisha anaitwa mkaguzi wa kike, hitomi onna, naye anashika nywele. Anazifungua, anapitisha vidole, anaangalia ncha. Zikiwa zimekatwa zikalingana, na cheti kimesema "mwanamke" tu, safari imekwisha. Anarudi alikotoka kutafuta cheti kingine. Mvulana mwenye sura ya kutiliwa shaka naye alipitia mikono hiyo hiyo, asije akawa mwanamke aliyejigeuza.

Unadhani natia chumvi? Mwaka 1681 mshairi Inoue Tsujo alizuiwa kwenye sekisho ya Arai, naye alikuwa anakwenda Edo, hatoroki. Arai walikagua wanawake wa pande zote mbili. Kimono chake kilikuwa cha kisichana, kilichoachwa wazi chini ya kwapa, na cheti kilipaswa kusema "msichana", kikasema "mwanamke". Neno moja, Zuhura! Ikabidi mjumbe atumwe hadi Osaka kuleta cheti kilichosahihishwa, yeye akisubiri njiani.

Mwalimu Rashidi ameshauri avushwe ziwa kwa mtumbwi. Hapana. Ziwa Ashi lilikatazwa kuvukwa, na juu ya kilima palikuwa na kibanda cha walinzi wa kulichungulia. Kupenya msituni pia kulikuwa na vituo vidogo vitano vya kuziba njia za kando, Nebukawa kimojawapo. Adhabu ya kukwepa sekisho kisheria ilikuwa kusulubiwa. Otama, msichana wa Izu aliyetaka tu kurudi kwao kutoka Edo, alikamatwa humo milimani akauawa mwaka 1702. Pana bwawa pale lenye jina lake hadi leo. Kila nikilifikiria hilo bwawa naona huwezi kumpitisha shujaa wako kirahisi hivyo, itakuwa kama kumsahau yule binti.

Narudi kwenye nywele. Hakuna haja ya kelele za upanga. Weka ukimya, kitana, na mwanamke mmoja anayehesabiwa ncha za nywele na mwanamke mwenzake huku afisa akisoma cheti kwa sauti.

Sasa niambie: nani alimwandikia cheti chake? Kinasema yeye ni nani? Nywele alizikata lini, kabla ya cheti au baada? Yuko ndani ya machela au kwa miguu, na cheti kimetaja machela? Na Mwanaidi atakubali kuigiza mkaguzi? Sauti yake ile ya chini ingefaa sana. Lini mnaingia studio?

Nijibu upesi kuliko nilivyokujibu mimi.

Wako,
Saida